"Land", Ardhi, Kibanja: Neno Moja la Kiingereza Katika Nchi ya Wahaya

Mhadhara wa wazi uliotolewa Izimbya, Bukoba Vijijini



Niliombwa nizungumzie maana na visawe vya neno lolote la kawaida la Kiingereza. Nimechagua "land". Ni neno ambalo mtoto analisoma akiwa bado shule ya msingi, tena ni neno ambalo kwa zaidi ya miaka mia moja limekuwa likiingia katika mashauri yetu, hati zetu na ugomvi wa ndugu zetu. Mtu anaweza kufaulu mtihani wa Kiingereza bila kulielewa vizuri. Anaweza pia kupoteza shamba kwa sababu hiyo.

Kitenzi tukimalize mapema, maana wanafunzi hukutana nacho mtihanini. Ndege iki-"land" imetua. Abiria wa meli waki-"land" pale Kemondo wameshuka nchi kavu. Mvuvi aki-"land" samaki amemtoa majini. Mtu aki-"land" kazi ameipata wakati wengi waliitamani, na mtu aki-"land" matatani amejikuta humo. Kiswahili kimelazimika kutafuta vitenzi vitano, kila kimoja na mahali pake: kutua, kushuka, kutoa, kupata, kujikuta. Anayedhani kwamba neno moja la Kiingereza lazima lipate mwenzake mmoja wa Kiswahili akumbuke mfano huu kila anapofungua kamusi.

Nomino ndiyo yenye mambo. Maana yake iliyo wazi kuliko zote ni nchi kavu, kinyume cha ziwa na bahari. Kutoka hapo linakwenda kwenye ardhi inayomilikiwa, kwenye nchi ya watu fulani, kwenye maisha ya kilimo tofauti na ya mjini. Pembeni yake wamekaa jirani zake: "earth", "soil", "ground", "country", "territory", "estate", "property", "plot". Peter Mark Roget alipochapisha kamusi yake ya visawe mjini London mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa mafungu ya fikra, akaacha utaratibu wa alfabeti, na tangu hapo wanaojifunza Kiingereza wamekuwa wakiokota neno lolote katika fungu na kulitumia badala ya jingine. Ni tabia ya hatari. Bwana shamba hupima "soil" anapotaka kujua kama udongo umechoka. Mpima ardhi hupima "land". Mtoto akiteleza huanguka kwenye "ground". Marehemu hurudishwa kwenye "earth". Askari huapa kuilinda "country", na warithi hugombania "estate". Udongo unaweza kuwa uleule mmoja katika sentensi zote hizo, lakini huwezi kubadilishana neno hata moja bila msemaji wa Kiingereza kushtuka.

Kiswahili nacho kina fungu lake: ardhi, nchi, udongo, shamba, kiwanja, uwanja, eneo, bara. Ardhi tumeipata kwa Kiarabu na imepanda cheo. Leo ndiyo neno la Wizara, la mabaraza na la hati. Nchi ni neno letu la zamani, na lilibeba vyote viwili, ardhi tunayoikanyaga na dola tunayoishi ndani yake, kama "Land" ya Wajerumani inavyofanya hadi leo. Shamba ni mahali palipolimwa. Kiwanja ni mahali pa kujengea, au palipo wazi. Hapa nitapita haraka, kwa sababu Kiswahili cha ardhi kimejengwa sana ofisini, na ofisi hupenda neno moja kubwa linaloenea kila mahali. Ardhi sasa inafanya kazi ileile ya "land". Tumefasiri vizuri, na katika kufasiri huko tumerithi pia upofu wa neno tulilolifasiri.

Kihaya hakijawahi kulisema jambo hili kwa neno moja. Kina "ensi" kwa nchi na "itaka" kwa udongo, lakini mtu wa hapa akizungumzia mahali anapolima au anapoishi, mara zote atataja aina: kibanja, kikamba, rweya, msiri. Wazee waliokaa mbele wanajua haya kuliko mimi. Wanivumilie niyaeleze kwa ajili ya vijana, maana vijana wengi niliozungumza nao wanajua majina bila kujua haki zilizofungwa ndani ya kila jina.

Kibanja ni makazi na shamba kwa pamoja. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, mibuni imesimama chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, na makaburi ya wazee yako humohumo. Hakuna kibanja kilichopatikana kwa kukatwa tu na mpima ardhi. Kibanja hutengenezwa. Udongo wa asili wa sehemu kubwa ya nchi hii, hasa huko karibu na ziwa ambako mvua ni nyingi mno, umeoshwa rutuba na mvua hizohizo. Migomba ikiota vizuri ni kwa sababu watu wa vizazi kadhaa walileta samadi ya ng'ombe, majani ya kutandazia, majivu na maganda ya ndizi, wakavilundika kwenye eneo dogo mwaka baada ya mwaka. Udongo wa kibanja ni kazi ya mikono, na una umri, kama nyumba ilivyo na umri.

Kikamba ni hatua ya kati. Ni kipande kilicho kando ya kibanja, chenye rutuba pungufu, kinacholimwa mazao ya msimu. Kinaweza kuwa kibanja kilichochoka baada ya kukosa samadi, au kibanja kinachozaliwa. Kwa hiyo jina hili linabeba historia ndani yake. Ukiniambia kwamba mahali fulani ni kikamba, umenieleza hali ya udongo wa leo, na pia umeniuliza bila kusema: je, hapa panapanda au panashuka?

Rweya ni nyika ya majani iliyo nje ya vibanja. Ng'ombe walichungwa humo wakati wa mchana na kurudi nyumbani na samadi. Majani ya kuezekea yalikatwa humo, ya kutandaza kwenye sakafu ya nyumba, na ya kufunika udongo chini ya migomba. Mgeni akitazama rweya huona majani tu. Mkulima anaona chanzo cha kibanja chake, kwa kuwa rutuba ilihama kutoka rweya kwenda kibanjani kwa miguu ya ng'ombe na kwa vichwa vya akina mama waliobeba majani. Sotoka ilipoangamiza ng'ombe katika miaka ya 1890, vibanja viliumia pamoja na mazizi, na ni vigumu kuona sababu usipojua kwamba nyika na shamba vilikuwa mwili mmoja.

Msiri uko ndani ya rweya. Ni kipande ambacho mwanamke, mara nyingi kabisa ni mwanamke, alikilima kwa msimu mmoja au miwili, akapanda njugumawe, viazi vikuu, mihogo au mahindi, kisha akakiacha kipumzike miaka kadhaa huku akilima kingine. Chakula cha msiri kilikuwa mikononi mwa mwanamke kwa namna ambayo ndizi za kibanja hazikuwa. Nawaomba mlishike hili, nitalirudia.

Kati ya kibanja na kibanja mpaka huwekwa kwa mlamula, mmea usiokufa kirahisi hata ukiukata. Jina lake linatokana na kuamua. Mpaka wenyewe umepewa kazi ya hakimu.

Sasa angalieni lile neno kibanja linavyosafiri, maana linafundisha juu ya visawe kuliko kamusi nyingi. Mzizi wake ni wa kale katika lugha za Kibantu na ulihusu mahali palipo wazi mbele ya nyumba; kiwanja na uwanja vya Kiswahili vimetoka kwenye mzizi huohuo. Vuka mpaka uende Buganda: kibanja huko ni sehemu ya mtu anayeishi juu ya ardhi ya mailo ya mtu mwingine. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda uligawa maili za mraba kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine, na waliokuwa wakiishi humo wakajikuta wapangaji kwenye vibanja vyao. Ilibidi ipitishwe sheria mwaka 1928 kuwekea mipaka kodi ya busuulu na tozo ya envujjo walizotakiwa kuwalipa wenye mailo. Nenda Rwanda au Burundi, "ikibanza" ni kiwanja cha kujenga. Neno moja, ndugu wa tumbo moja, na haki zake zimetofautiana kuanzia mwenye makaburi ya babu zake hadi mpangaji anayeweza kudaiwa. Afisa aliyesoma Kampala akaja kufanya kazi Bukoba, akidhani analijua neno hili, angeweza kukosea jambo zito sana.

Turudi Bukoba, tuone maneno haya yalivyokutana na sheria. Wajerumani walifungua kituo chao huko mwaka 1890. Miaka mitano baadaye, Novemba 1895, dola yao ilitoa amri juu ya ardhi ya koloni zima la Afrika Mashariki: ardhi yoyote ambayo umiliki wake hauwezi kuthibitishwa na mtu, chifu au jamii, ilihesabiwa haina mwenyewe, na isiyo na mwenyewe ni ya Taji. Fikirini amri hiyo ikisomwa na mtu aliyesimama ukingoni mwa kibanja. Nyuma yake kuna migomba na nyumba; hapo ushahidi wa umiliki unaonekana kwa macho. Mbele yake kuna rweya. Haina uzio, haina nyumba, na msiri wa mwaka juzi umefunikwa na majani. Kwa lugha ya amri ile, jicho linaona ardhi isiyo na mtu. Kwa Kihaya, jicho lilelile linaona malisho, paa, sakafu, mbolea na chakula cha akina mama.

Waingereza waliporithi nchi walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyotangaza ardhi yote ya Tanganyika, inayokaliwa na isiyokaliwa, kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana. Mwananchi akapewa kitu kilichoitwa "right of occupancy", yaani haki ya kukalia na kutumia. Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu Kiswahili kimefanya jambo la ajabu. "Occupancy" ni neno la kiasi. Linasema mtu yupo mahali, anapatumia, amekubaliwa kuwepo. Sisi tumelifasiri kwa kumiliki: haki miliki, hati miliki, na sasa hakimiliki ya kimila. Neno kumiliki tumelipata kwa Kiarabu, na katika mzizi wake mna umilikaji kamili na mna ufalme. Kwa hiyo mwananchi wa kijiji anaposhika hati yake, Kiswahili kinamwambia yeye ni mmiliki, ilhali Kiingereza cha sheria kinamwambia ni mkaaji mwenye haki, na ardhi yenyewe ni ya umma mikononi mwa Rais kama mdhamini. Silaumu waliofasiri. Lakini nimeona watu wakishangaa na kulia pale ardhi yao inapochukuliwa kwa manufaa ya umma, na mshangao wao unaanzia kwenye neno.

Kuhusu nyarubanja nitasema kwa ufupi, ingawa machungu yake bado yako katika baadhi ya familia. Abakama, yaani wafalme wa Wahaya, walitoa maeneo makubwa kwa ndugu zao na vipenzi vyao, pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo. Mwenye eneo aliitwa mtwazi, anayeishi chini yake mtwarwa. Mpango huu ulipanuka wakati wa Wajerumani na ukapata thamani mpya kahawa ilipoanza kuleta fedha. Katika Kiingereza cha maofisa, mtwazi aligeuka "landlord" na mtwarwa akawa "tenant", maneno yanayodokeza kwamba wawili hao walikutana wakapatana. Hakukuwa na mapatano. Watwarwa wengi walikuwa vibanjani mwao kabla jina la mtwazi halijatajwa. Serikali huru ililikata suala hilo kwa sheria ya kuwakomboa watwarwa ya mwaka 1965, ikaiongezea nguvu kwa sheria nyingine mwaka 1968, na watwarwa wakawa wenye mashamba waliyokuwa wakiyalima.

Nataka nikae zaidi kwenye jambo jingine, la "clan land", yaani ardhi ya ukoo.

Mwaka 1945 Hans Cory na M. M. Hartnoll walichapisha kitabu kikubwa kuhusu sheria za mila za Wahaya. Ni kazi ya bidii, na wanasheria bado wanaifungua. Lakini kuandika mila kwa Kiingereza kulihitaji kuchagua maneno, na kila neno lililochaguliwa lilifunga milango fulani. Mila zilizokuwa zinazungumzwa barazani, zikipimwa kwa shauri moja moja, zikawa kanuni zenye namba. Mwaka 1963 Serikali ilitangaza sheria za mila za urithi kwa makabila ya ukoo wa baba, na mojawapo ya kanuni zake ilisema kwamba mwanamke anaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo ataitumia maisha yake bila kuwa na uwezo wa kuiuza. Labda ukoo uwe hauna mwanaume kabisa. Neno la Kiingereza lililotumika kwa haki hiyo ya mwanamke lilitoka katika sheria za Roma ya kale, "usufruct", kula matunda pasipo kuwa na mti.

Mama mmoja wa Muleba, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipoona amezeeka na hana wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo akitaka mauzo yabatilishwe, kwa kuwa mwanamke wa Kihaya hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye na kumwamuru mama arudishe fedha. Mama akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, na huko akashinda, kwa hoja kwamba Katiba sasa inakataza ubaguzi. Mpwa akaenda Mahakama Kuu Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alitupilia mbali rufaa yake.

Hukumu hiyo inasomwa katika vyuo vya sheria vya nchi nyingi, mara nyingi kama ushindi wa Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984 na ya mkataba wa kimataifa dhidi ya ubaguzi wa wanawake ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Ndivyo ilivyo. Lakini mimi ninayeifuatilia lugha naona jambo jingine ndani yake, na nimekuwa nikitamani kulisema mbele ya watu wa huku. Jaji hakuufuta ukoo. Alimpa mpwa miezi sita ya kulikomboa shamba kwa kulipa zile shilingi 300,000. Akishindwa, shamba libaki kwa mnunuzi. Hiyo ndiyo haki ambayo mila ilikuwa nayo siku zote pale mwanaume alipouza shamba la ukoo: ndugu wana nafasi ya kulikomboa. Ndani ya maneno "ardhi ya ukoo" walikuwa wamefungwa pamoja wawili tofauti, hofu ya ukoo kupoteza makaburi yake na dharau kwa mtoto wa kike. Kwa miaka mingi wa pili alijificha nyuma ya wa kwanza. Jaji aliwatenganisha, akambakiza mmoja. Na yeyote anayedai kwamba hukumu ile ilivunja mila ya Wahaya anapaswa kueleza ni kwa nini nafasi ya kukomboa imo ndani yake.

Wapo wazee wanaoniambia kwamba binti akiuza kibanja ataleta mgeni juu ya makaburi. Wana haki ya kuogopa. Lakini vijana wa kiume wameuza vibanja vingapi huku makaburi yakiwemo, ili wanunue pikipiki au wahamie mjini? Hofu hiyo ina dawa yake katika haki ya kukomboa, na haina haja ya kumnyima binti kitu.

Turudi kwenye rweya na msiri, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona hasara ambayo bado inaendelea bila kupata jina. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 2001, zina mambo mengi mazuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha waziwazi mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu fursa ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Inatambua pia ardhi ya pamoja ya kijiji. Lakini ndani ya Sheria ya Ardhi, katika tafsiri ya "general land", yaani ardhi ya jumla, yamo maneno yanayojumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya pili haina maneno hayo, na wanasheria wamebishana juu ya tofauti hiyo tangu siku za mwanzo. Mimi nawauliza jambo moja tu. Msiri uliopumzishwa mwaka wa tatu, unatumika au hautumiki? Kwa mwanamke aliyeulima, unatumika: kupumzika ni sehemu ya kulima. Kwa mtu mwenye ramani, hautumiki. Tofauti kati yao ni ileile ya 1895.

Ndiyo maana rweya imekuwa ikikatwakatwa na kupewa watu binafsi kupanda misonobari na mikaratusi, na mara nyingi barazani hakuna anayesema kwamba kuna mtu amepoteza kitu. Miti ina faida. Fedha yake imesomesha watoto, na sisemi ing'olewe. Nasema kwamba pale muhtasari wa kikao ulipoandikwa "ardhi tupu imegawiwa", neno tupu lilifuta malisho, majani ya kutandazia na misiri ya akina mama kwa mpigo mmoja, na hakuna aliyelipwa fidia kwa kuwa hakuna kilichoandikwa kwamba kilikuwepo. Mwanamke aliyekosa kurithi kibanja kwa kanuni ya 1963 angalau alikuwa na kanuni ya kuipinga mahakamani, kama alivyofanya yule mama wa Muleba. Aliyepoteza msiri hana hata sentensi ya kukatia rufaa. Sheria ilimpiga wa kwanza kwa kumtaja. Wa pili haikumtaja kabisa.

Na wakati ni huu. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilifurahi sana, na bado nafurahi. Mzee anayesikilizwa kwa lugha anayoielewa yuko mahakamani kweli. Lakini kufasiri sheria za ardhi kwa kuweka ardhi kila palipoandikwa "land" ni kuhamisha upofu kutoka lugha moja hadi nyingine. Tunao uwezo wa kufanya vizuri zaidi. Mwaka 2006 Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa kamusi ya Ruhaya, Kiingereza na Kiswahili, chini ya mradi wa Lugha za Tanzania. Maneno yapo, yameandikwa, yanasubiri kutumiwa. Kiswahili kimewahi kukaribisha maneno mengi kutoka lugha za majirani. Hakitashindwa na rweya. Wachaga wana kihamba chao, nasi tuna kibanja. Maneno haya yanastahili kusimama katika hati za Jamhuri bila kuombewa radhi.

Kwa wajumbe wa mabaraza na halmashauri za vijiji nina ombi ambalo halihitaji bajeti. Mnapoandika muhtasari, andikeni aina. Msiandike kwamba fulani amegawiwa ardhi ekari mbili. Andikeni kwamba amegawiwa sehemu ya rweya, mtaje rweya ipi, nani walikuwa wakichunga humo, akina mama gani wana misiri humo pamoja na iliyopumzishwa, na majani yalikuwa yakikatwa na kaya zipi. Mnapoandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, rweya iandikwe katika ardhi ya pamoja kabla hajafika mtu wa kuiita tupu. Wosia ukiletwa kwenu, muulizeni mzee: unaposema umempa binti yako shamba, unamaanisha kibanja chenye nyumba na makaburi, au kikamba cha kando? Na unampa awe nacho, au ale matunda tu? Kama ni awe nacho, iandikwe hivyo. Kama ndugu wanataka nafasi ya kukomboa siku kikiuzwa, nayo iandikwe, kwa mabinti na kwa wavulana sawasawa, na muda wake uwekwe kwa miezi ili pasiwepo wa kuuvuta. Mipaka ya mlamula itajwe mmea kwa mmea, upande wa mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, na majirani watie saini.

Nanyi wanafunzi, mtihani ukiuliza kisawe cha "land", andikeni jibu ambalo mtahini analitaka, mpate alama zenu. Kisha nendeni nyumbani jioni, mkawaombe bibi zenu wawaonyeshe misiri yao ilikuwa wapi, na mwandike majina ya sehemu hizo wakati bado wanayakumbuka.